Mililita Mia Tatu

Goesan, Novemba, saa tatu usiku.
Mama amepasua kabichi sitini
na sasa anazitia chumvi ya mawe, jani kwa jani,
kwa uangalifu wa mtu
anayepenyeza noti katika bahasha ya harusi.
Hakamui. Hakandamizi.
"Ukikamua unaliumiza jani," asema Mal-sun, mama yangu,
glavu zake za waridi zimefika viwikoni.
"Iache chumvi iite."

Na maji huja.
Hayabishi hodi.
Yanatoka ndani ya jani, yanapita kuta
ambazo jicho langu halijapata kuziona,
tone, kisha jasho, kisha kidimbwi
katika beseni lililokuwa kavu tulipokula.

Chumba cha pili, baba ametundika mfuko
kwenye msumari wa koti lake la kiwandani.
Lita mbili za maji yenye sukari
zashuka polepole katika mpira mwembamba
hadi tumboni,
maana figo zake zilijiuzulu, zote mbili,
bila hata barua.

Mimi niliyefeli baolojia mara mbili
ndiye msomaji wa kijitabu cha hospitali.
Kuna mchoro: utando, vitundu, mishale.
Baba aweka kidole juu ya mshale.
"Huu nani kaurusha?"

Nasoma tena. Hakuna.
Taka za damu zimesongamana upande huu,
upande ule hazipo, basi zinapotelea ule.
Maji nayo yanaifuata sukari
kama sisimizi.
Chembe nyekundu zinabaki kwao, mlango ni mdogo.
Na hakuna anayelipwa, baba:
hata punje moja ya wali wa jioni
haikuchomwa kuiendesha kazi hii.

"Mimi miaka thelathini na moja nilisukuma toroli," asema Pan-seok,
"na kumbe."
Hamalizi.

Usiku wa manane mama anageuza kabichi,
za chini juu, za juu chini.
Zimelegea. Anaweza kukunja bua nene
bila kulivunja, ndivyo anavyojua.
Kisha, akidhani nimelala,
anachomoa kichwa kimoja, kidogo,
anakizamisha katika sufuria ya maji matupu.
Baada ya saa anayamwaga, anatia mengine.
Baada ya saa, tena.
Ile chumvi iliyoingia inatoka,
yenyewe, kuelekea kwenye maji yasiyo nayo.
Anachana ncha ya jani, anaonja, anatema,
anatia maji mengine.
Daktari alimkataza baba chumvi.
Hili la sufuria sijawahi kusikia likizungumzwa
katika nyumba hii.

Saa tisa kengele ya simu.
Kijitabu chasema: pande mbili zikikaribia kulingana
mfuko umekwisha kazi, toa, weka mpya.
Nilidhani kulingana ni kutulia.
Sivyo. Bado zinavuka, huku na huku,
anayetoka kwa anayeingia,
mtaa mzima unahama kila dakika
na hesabu ya watu haibadiliki,
na mgonjwa hapati nafuu yoyote.
Ili kitu kiende, lazima kuwe na tofauti.
Naufunga mfuko wa zamani,
naweka mpya wenye utamu wake wote.

Maji yaliyotoka yana rangi ya chai ya shayiri.
Nayapima kwa mizani ya jikoni,
ile ile ya pilipili, nimeifuta.
Zilizoingia: lita mbili.
Zilizotoka: mbili na mia tatu.
Baba anaandika katika daftari, kalamu inakwaruza,
anaandika kama karani wa forodha.

Kutoka jikoni, gizani:
"Ngapi?"
"Mia tatu."
Kimya. Maji yanamwagwa, maji yanatiwa.
"Beseni langu limetoa ndoo nzima."
"Wewe una vichwa sitini," baba ajibu,
"mimi tumbo moja."